Mguu wa Bibi Nyamizi

Shinyanga mjini, Alhamisi alasiri

Kabula mwanangu,

Salamu nazifupisha, kwa sababu tumeamkiana leo asubuhi, ingawa shikamoo yako ilitoka kwa shingo upande na marahaba yangu ikawa hivyo hivyo. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Najua atakuweka mpaka jua lianze kushuka, akikueleza kwa mara ya mwisho kwamba ngoma si kazi na kwamba binti aliyefaulu hesabu mahali pake ni uhasibu. Msikilize, kula ugali wake, kisha uje zako nyumbani. Safari yako iko pale pale. Nimeshasema katika ukoo huu kwamba Kabula anakwenda pwani kusomea sanaa za maonyesho, na anayetaka kunibishia ananijua nilipo.

Habari za tiketi, za maji ya kunywa treni ikifika Tabora, na za kutomwachia sanduku mtu usiyemjua, baba yako amekwisha kukueleza mara nne, na ya tano ataisema kesho stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili nilikuzaba kofi mbele ya rafiki zako, binti wa miaka kumi na minane. Ulikuwa umejifunga kanga, umeinama, unatembea kutoka jikoni mpaka kwenye pipa la maji kama anavyotembea Bibi Nyamizi, unanong'ona peke yako kama anavyonong'ona, na wenzako wamelala chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sasa nikwambie jambo ambalo hukuliona: kabla sijakupiga, nilicheka. Nilicheka kwanza, kwa sababu ulimpatia. Kisha mkono ukatoka wenyewe. Ukaniuliza swali moja tu, "Si wewe uliyenifundisha kuiga, mama?" Tangu siku hiyo tumekuwa tunapishana humu ndani kama wapangaji waliogombana.

Nisamehe kofi lile. Lilikuwa langu mimi, lilinikosa miaka kumi na minne iliyopita, likaja kuangukia shavu lako. Sikukujibu swali lako kwa sababu jibu lake ni refu, na mimi nikisema huwa napandisha sauti. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Bibi Nyamizi unamjua tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili, alipokuja kukaa nasi hapa mjini. Wewe unadhani ni ndugu wa baba yako. Baba yako anadhani nilishakueleza. Mimi nimewaacha nyote na dhana zenu kwa kuwa zilinifaa. Bibi si ndugu yetu. Ni mtu niliyemvunjia nyumba yake kwa mchezo wa kuigiza.

Nianzie chuoni, maana huko ndiko nilikojifunza kitu nikakijua nusu. Nilisomea ualimu humu humu mkoani, miaka ile ya sitini, na kila mwisho wa muhula tulikuwa na michezo kwenye bwalo la chakula. Pazia letu lilikuwa mashuka ya bweni la wasichana yaliyoshonwa pamoja. Taa ilikuwa karabai moja, nayo ilikuwa na tabia ya kufifia pale pale mfalme anapouawa. Mkuu wetu wa chuo alikuwa mtu mnene aliyekohoa mara tatu kabla ya kusema lolote. Siku ya mahafali niliingia jukwaani na mto tumboni, nikakohoa mara moja tu, bwalo likalipuka. Nikakohoa ya pili, wakaanza kugonga meza. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Kesho yake alinishika mkono mbele ya walimu wote akasema nina kipaji, nisikiache.

Mimi nikaondoka pale nikiamini kwamba mtu akiigwa vizuri hufurahi. Sikufikiri kwamba yule alikuwa mtu mwenye kiti. Nilimwiga, tukacheka, kesho yake akarudi akakaa kwenye kiti chake vile vile.

Nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja karibu na Segese. Baba yako alikuwa bwana shamba pale, na alikuwa anapiga ngoma kuliko alivyokuwa anakagua mashamba. Tukaoana, ukazaliwa wewe mvua zikiwa zimeshika, wakakuita Kabula. Tulipopata nafasi ya kupumua tukaunda kikundi cha maigizo: walimu watatu, wakulima saba, mkunga wa zahanati, na baba yako na ngoma zake. Tulicheza habari za kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujua kusoma. Usicheke. Watu walikuwa wanatembea kutoka vijiji vingine kuja kutuona, na hawakuwa watazamaji wa kukaa kimya kama hao mtakaowapata mjini. Siku moja sokoni Segese mwalimu wa sayansi alikuwa anacheza mume mlevi, amemwinulia mkewe fimbo. Mzee mmoja akainuka kwa utulivu, akaingia katikati ya uwanja, akamnyang'anya ile fimbo, akamwambia, "Nenda ukalale, baba. Tutaongea kesho." Mwalimu wa sayansi akaenda kulala kweli. Mchezo ukaishia hapo, na watu wote wakasema umeisha vizuri.

Bibi Nyamizi alikaa peke yake upande wa lambo. Mumewe alikuwa amekufa, na hakubakiwa na mtoto hata mmoja. Nchi yetu unaijua, miti ilishakwisha zamani, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mkali, na mwanamke aliyepikia moshi huo miaka arobaini macho yake huwa mekundu. Kila mtu analijua jambo hili, na kila mtu hulisahau ng'ombe wa jirani akifa. Ndipo macho mekundu yanapogeuka kuwa ushahidi.

Huyu bibi alikuwa mlezi wako. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kikundi, wewe ulikuwa mgongoni kwake. Ulijifunzia kutembea uani kwake. Tulipohitaji vyungu, vigoda au ungo wa kuchezea, tulikwenda kwake, naye alitoa bila kuuliza vitarudi lini. Mwaka ule tulihitaji mavazi ya mhusika mmoja bibi kizee, akavua kaniki yake moja kati ya mbili alizokuwa nazo akanipa. "Mtaniletea ikiwa safi," alisema. Ndilo sharti pekee alilowahi kunipa.

Ikaja Sabasaba. Mashindano yetu Wasukuma unayajua, lakini huko uendako hawayajui, kwa hiyo jifunze kuyaeleza. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watu wako huru kwenda wanakotaka, na kikundi kitakachozungukwa na watu wengi ndicho kilichoshinda. Unacheza huku unaona kwa macho yako watu wako wanavyokuhama. Nimezaa, nimefiwa na wazazi, lakini bado sijui aibu inayofanana na ile.

Na siku hiyo tulipangiwa kushindana na wacheza nyoka. Fikiria, Kabula. Upande ule kuna mtu amejiviringisha chatu shingoni anacheza naye. Upande huu kuna mwalimu wa sayansi amevaa gunia, anacheza mbuzi aliyekunywa maji machafu. Tulianza na watu kama mia tatu. Chatu alipotolewa kikapuni wakabaki kama arobaini, na kati ya hao wengi walikuwa wanafunzi wangu walioogopa kuondoka mbele yangu. Baba yako alipiga ngoma mpaka jasho likamwingia machoni. Mkunga wa zahanati akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tumekwisha."

Mimi nilikuwa nyuma ya turubai, nimevaa kaniki ya Bibi Nyamizi, nangoja zamu yangu. Nilitakiwa kuingia kama bibi mwenye busara anayewaambia wajukuu wachemshe maji. Nikachota udongo mwekundu nikajipaka kuzunguka macho. Nikainama. Nikaingia nikivuta mguu, nikinong'ona peke yangu, nikiokota mavi ya ng'ombe uwanjani na kuyanusa. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Ni Nyamizi huyo!" Kicheko kikapasuka, na waliokuwa kwa chatu wakageuza shingo.

Ningeweza kuishia hapo. Ningeishia hapo, labda leo ningekuwa nakuandikia habari za vyandarua. Lakini niliona watu kumi wanakuja, kisha hamsini, nikasikia utamu wake mwilini. Nikamkamata mwalimu wa sayansi aliyekuwa mbuzi, nikampanda mgongoni, nikasema huyu ni fisi wangu wa kunipeleka kazini. Kwetu mwenye kumpanda fisi ni mchawi, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Uwanja mzima ukamiminika kwetu. Mwenye chatu alibaki na chatu wake.

Tulibebwa juu juu. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulikuwa umekaa pembeni na Bibi Nyamizi mwenyewe. Nilipotua chini nilimwona ananitazama, na wewe umemshika kidole. Nikampungia mkono. Unaona? Nilimpungia mkono, maana nilidhani anafurahi kama mkuu wa chuo.

Kilichofuata kilianza kwa wale tuliowashinda. Walisema haiwezekani watu mia tatu wamwache chatu kwa kufumba na kufumbua, lazima kuna dawa. Ngoma zetu zina dawa za kuvuta watu, wachezaji wengi huzitafuta, si siri. Wakauliza, hawa walimu dawa wameipata wapi? Jibu lilikuwa mwilini mwangu. Nilivaa nguo ya nani siku ile? Ndani ya wiki moja ikawa inajulikana kijiji kizima kwamba Nyamizi alitia dawa kwenye kaniki yake akanipa, na kwamba bibi mwenye dawa ya kuvuta watu mia tatu hashindwi kuua ndama. Ushindi wangu ndio uliokuwa ushahidi wao.

Watoto wakaanza kumfuata njiani wakivuta mguu kama nilivyovuta mimi. Nawajua, nilikuwa nawafundisha. Ng'ombe wawili wakafa kwa mtu mmoja, ukaitishwa mkutano shuleni. Nikasimama. Nilikuwa na kaniki ile, imefuliwa, nimeikunja mkononi. Nikawaeleza kwamba ule ulikuwa mchezo, kwamba macho mekundu nilijipaka udongo, kwamba fisi alikuwa mwalimu wa sayansi, naye akainuka kuthibitisha. Nikawaonyesha jinsi nilivyoinama. Wakacheka. Walicheka vizuri kabisa, kama siku ile. Kisha baba mwenye ng'ombe akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunamshuku tu. Wewe ndiye uliyetuonyesha."

Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Sijawahi kujibiwa hivyo tena.

Siku ya soko, mchana kweupe, nyumba yake iliungua. Yeye alikuwa amekwenda lamboni kuteka maji. Hakuna aliyekiri na hakuna aliyeulizwa sana. Alikuwa na mdogo wake, Masanja, mfanyabiashara wa dagaa huko Nkome, ziwani. Alipopata habari akaja na lori lake kumchukua.

Sasa nakuandikia lile ambalo hata baba yako hajui. Lori lilisimama mkabala na darasa langu, kwa sababu barabara ilipita hapo. Ningeinua kichwa tu ningemwona dirishani, amekaa juu ya magunia na chungu kimoja kilichookolewa. Sikuinua. Niliwageukia watoto nikawaambia, "Jedwali la saba, wote, kwa sauti." Tukaliimba. Lilipokwisha tukaanza la nane. Tuliimba mpaka sikusikia tena ile injini, kisha nikawaambia watoe madaftari. Jioni ile uliniuliza Bibi yuko wapi, nikakwambia amesafiri. Ulimlilia siku sita, baadaye ukamsahau. Mimi nilifurahi uliposahau.

Ukidhani niliacha kucheza, hujamjua mama yako. Nilicheza miaka mitano mfululizo, na nilikuwa nashinda. Nilijiambia kwamba waliochoma ni wao, mimi sikushika kibiriti. Ni kweli, sikushika. Unaweza kuishi muda mrefu sana kwa kweli ya namna hiyo.

Kilichoniamsha kilikuwa kitu kidogo. Kuni zilikuwa mbali, nasi tulikuwa tunapikia mavi ya ng'ombe kama kila mtu. Siku moja kwenye chumba cha walimu mwenzangu kijana alinitazama akatania, "Mwalimu, kwa macho hayo Sabasaba ijayo tutakucheza wewe." Wote walicheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikachukua kioo cha baba yako cha kunyolea ndevu, nikajitazama. Likizo ilipoanza nikapanda basi la Geita, na kutoka Geita nikapata gari la samaki mpaka Nkome.

Nilimkuta ufukweni kati ya wanawake wanaoanika dagaa. Kazi yake ilikuwa kukaa na ufito kufukuza ndege. Nikapiga magoti kwenye mchanga.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa lugha yetu.

"Mwangaluka." Akafukuza ndege kwa ufito. "Wewe ni mwalimu. Wewe ndiye uliyenicheza."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi utaomba baadaye. Simama unicheze."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akagonga ufito chini. "Si ulinicheza mbele ya watu? Wote waliniona, mimi peke yangu nilikuwa nimekaa kwa pembeni, nikaona mgongo. Nataka kuona uso. Cheza."

Wanawake wakaacha kugeuza dagaa. Nikainama, Kabula, mbele ya watu nisiowajua, nikavuta mguu, nikanong'ona. Machozi yalikuwa yananitoka lakini nilicheza, maana aliniagiza. Nilipofika mwisho hakuna aliyecheka. Bibi akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa hesabu mbovu.

"Mguu si huo," alisema. "Wewe umevuta wa kulia. Mimi ni wa kushoto. Tena siuvuti, nauinua polepole. Wewe unauburuta kama gunia la pamba. Rudia."

Nikarudia. Akanirekebisha mgongo, akanirekebisha mikono. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, na Bibi naye akacheka kidogo, mimi nikiwa katikati najifunza kutembea uzeeni. Kisha akaniuliza, "Na kule kunong'ona, ulidhani nasema nini?"

"Sijui, mama."

"Ulisema ni uchawi."

"Sikujua."

"Naimba," alisema. "Mimi nilikuwa mwimbishaji wa wacheza jembe, wale wanaocheza ngoma wakirusha majembe, kabla hujazaliwa. Nikiinua sauti, upande wa pili walikuwa wanabaki na ngoma zao na mbwa. Sauti ikaniishia, nyimbo hazikuisha. Sasa naimba hivyo hivyo bila sauti."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeishi jirani naye miaka sita. Nilikula chakula chake, nikamwachia mwanangu, na sikuwahi kumwuliza unanong'ona nini.

"Kwa hiyo najua," akaendelea. "Uwanja ukianza kukujia, mtu unakuwa kama umelewa. Hata mimi nilimwimba mwanamke mmoja mwenye kidole kilichokatika, watu wakaja mbio. Najua kabisa kwa nini ulifanya."

Nikasema, "Basi nisamehe."

"Nimesema najua. Sijasema nimesamehe. Hayo ni mambo mawili."

Kuhusu mguu, alinieleza pia. Jua lilikuwa limepanda na dagaa wamekauka upande mmoja alipomaliza. Kisha akaniambia, "Wimbo nenda kawachezee. Waambie Nyamizi alikuwa anaimba. Mguu wangu si wa uwanjani. Huo nimekupa wewe tu, kwa sababu umekuja mwenyewe."

Mchezo niliotoka nao kule ndio ule unaoujua, wa mwimbishaji wa wacheza jembe aliyeishiwa sauti. Uliniuliza ulipokuwa kidato cha pili kwa nini tunaucheza kila mwaka wakati kila mwaka tunashindwa. Nilikujibu kwamba funga domo ukashike kengele. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza niliucheza katika uwanja ule ule, siku ya Sabasaba. Watu walinitazama kidogo, wakaona hakuna fisi, wakaenda kwa wacheza nyoka. Walibaki kama thelathini, karibu wote wanawake. Mmoja wao alikuwa mke wa yule baba mwenye ng'ombe. Tulipomaliza alinifuata nyuma ya turubai, akaniuliza, "Yuko hai?" Nikamwambia yuko hai. Akasema, "Msalimie," akaondoka haraka kabla mumewe hajamwona.

Tumeucheza Segese, tumeucheza Geita, tumeucheza Nyarugusu kwa wachimba dhahabu waliokuwa wanatupigia kelele tumalize upesi warudi kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu. Huko Nyarugusu mchimbaji mmoja alibaki peke yake amekaa juu ya ndoo, taa yake kichwani, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema ana mama yake kwao. Sijashinda hata mara moja tangu nilipotoka Nkome, na mwaka kesho tutashindwa tena, na mimi nitakuwa mbele. Nimezoea sasa kuwaona wanaondoka. Nimejifunza kuwatazama waliobaki.

Masanja alipofariki na macho ya Bibi kuanza kuziba, tulikuwa tumehamia hapa mjini. Nikaenda kumchukua. Alikubali bila maneno mengi. Kwenye basi aliniambia, "Nakuja kwa sababu ya macho yangu, si kwa sababu yako." Imetimia miaka sita yuko katika nyumba yangu, anakula mezani kwangu, ananikosoa mboga. Neno la kusamehe hajalisema. Sijaliuliza tena, na sitaliuliza. Naosha kaniki zake kila Jumamosi, basi. Nilitaka ujue kwamba inawezekana kuishi hivyo na kufanya kazi na kucheka, bila kufutiwa.

Sasa unakwenda mahali ambapo watakufundisha sauti, pumzi, na jinsi ya kusimama ili taa ikupate. Vichukue vyote. Nami sikukatazi kuiga. Una jicho langu, na baya zaidi una koo langu, ukikatazwa utaiga kwa kujificha. Iga mawaziri, iga walimu wako, niige mimi nikikohoa. Lakini utakutana na watu kama Bibi, wasio na kiti cha kurudia, na watu watakukimbilia ukiwaiga hao kuliko utakavyowahi kukimbiliwa. Siku hiyo mimi sitakuwa mlangoni. Kwa hiyo nataka uondoke ukiwa unajua kazi hii inaweza kufanya nini, na ni nani katika nyumba yenu aliyeifanya.

Limebaki moja. Jumapili ulipokimbilia chumbani, Bibi aliniita. Haoni vizuri tena, lakini kicheko alikisikia, na kofi alilisikia.

"Umempiga ya nini?"

"Amekuiga, mama."

"Alikuuliza habari zangu?"

"Hapana."

"Mimi je, ameniuliza?"

"Hapana, hajakuuliza."

"Basi mwambie aje aniulize," alisema. "Nimemngoja miaka sita. Nyote katika nyumba hii mnanitazama tu."

Hilo lilikuwa Jumapili, na leo ni Alhamisi. Siku nne nimelikalia, kwa sababu nilijua ukienda kwake utaanza kuuliza habari zangu pia, na niliona heri uondoke umenikasirikia kuliko uondoke unanijua. Nimeona si haki. Niliwahi kuimba jedwali la saba, sitaliimba tena.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako ili uikute ukirudi. Ukiisoma usije kwangu kwanza. Bibi amekaa uani, upande wa kivuli, anachambua mchele kwa vidole. Nenda ukakae chini karibu naye umwulize habari ya mguu wa kushoto. Mimi siwezi kukuandikia, si wangu. Ukimkuta anaimba, usimkatize, ngoja amalize.

Mama yako